Msitu Niliokuhadithia Ukiwa Kitandani

Nasra, mwanangu,

Mmekwenda Bustan, wewe na mama yako, kumuaga shangazi yako, nami nimesingizia mgongo ili nibaki. Mgongo mzima huu, hauna lolote. Nilichotaka ni kukaa mezani peke yangu kabla hamjarudi, maana kesho uwanja wa ndege utajaa jamaa, na mimi mbele ya watu unanijua: nitazungumza habari ya uzito wa mabegi mpaka wakuite ndani.

Kuna jambo umeniomba, nami sijakupa. Umeniomba radhi zangu. Juzi umeniomba tena, umekaa chini karibu na miguu yangu kama ulivyokuwa ukikaa mdogo, na mimi nikakujibu kwa mzaha kwamba radhi zimo ndani ya sanduku lako, zitafute chini ya nguo. Ulicheka kwa heshima tu, nikaona. Kwa hiyo barua hii ni kwa ajili ya jambo hilo, ila sitolifikia mara moja. Nivumilie.

Habari ya dawa, maji, chandarua na soksi nzito sitaigusa. Mama yako ameshaisema, akairudia, na jana nimemsikia akiisema upya kana kwamba ndiyo kwanza imemjia. Mimi nataka kukuandikia habari ya msitu. Utasema, Baba, msitu wa Dang umenihadithia tangu sijang'oa jino, kuna kilichobaki? Kimebaki, mwanangu. Kimebaki kingi, na ndicho kinachonikosesha usingizi tangu ulipotuambia kwamba utafiti wako wa sikoseli utaufanyia huko.

Mchawi wa safari hii ni mimi mwenyewe, simtafuti mwingine. Watoto wa wenzangu walihadithiwa sungura na fisi. Wewe kila sikoseli ilipokushika, ukalazwa na mpira wa dripu mkononi, ulikuwa na ombi moja: "Baba, nihadithie Dang." Mama yako alikuwa na mikono, akikukanda miguu mpaka vidole vyake vikafa ganzi. Mimi nilikuwa na mdomo tu, basi nikautumia.

Nikakuhadithia jinsi babu yako alivyonituma India, kijana sijaoa, nikatafute milango ya msaji kwa ajili ya duka letu la hapa Muscat, Azaiba. Siku zile kila mtu wetu aliyejenga Bawshar alitaka mlango mzito wa nakshi, kwa kuwa nyumba aliyoiacha Unguja ilikuwa nao. Nikakuhadithia Jayanti, mshirika wetu, Mhindi aliyezaliwa na kukulia Mkunazini, Unguja, akahamia Bilimora, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Yeye ndiye aliyesema, "Weye wauza msaji na hujauona ukisimama na majani yake? Aibu hiyo. Twende nkuoneshe unakotoka." Tukapanda treni ndogo ya Bilimora, ikatupandisha polepole kuelekea Waghai, polepole hata Jayanti akaapa kwamba kuna mbuzi ametupita.

Ulilipenda sana jani la msaji. Nilikuambia ni pana kama sinia la halua, na kwamba wenyeji hulitumia kulia chakula na kufunikia vitu, nawe ukataka jani lako. Nilikuambia juu ya vilima vinavyofuatana mpaka macho yanachoka, mianzi katikati ya misaji, na mto Ambika unaoanguka karibu na Waghai kwa kishindo. Nilikuambia kwamba kiangazi msitu wote hupukutika, ukitembea majani makavu yanapiga kelele chini ya miguu na kila mtu anajua kuna mgeni anakuja. Nilikuambia juu ya maua ya mti wa mahua, manene na matamu, yanayoanguka alfajiri na wanawake wakayaokota na vikapu kabla ya jua. Na mkate wao mweusi! Nilipoutia mdomoni niliacha kutafuna. Ulezi! Ulezi huu huu ambao bibi yako alinilea kwa uji wake. Wao wanauita nagli, wanaupanda kwenye miteremko, na kitalu chake huchoma kwanza majani na matawi juu yake ili udongo upate jivu. Wewe macho umeyafumba kwa maumivu, unaniuliza harufu ya jivu ikoje.

Unaona sasa nilivyojiponza. Niliupamba ule msitu kwa sababu nilikuwa namhadithia mtoto anayeumwa, na mtoto anayeumwa humpi habari ya njia mbaya. Sasa mtoto amekuwa mtu mzima, amefunga sanduku, na zile nilizoziruka zimenikalia shingoni.

Kwanza mvua. Sisi tulikwenda wakati wa baridi, mto Khapri unavuka bila kulowesha goti. Mwenyeji wetu, Kashiram, mkulima ambaye Jayanti alikuwa akimnunulia mianzi, alisimama katikati ya mto akaonyesha juu, kwenye tawi la mti wa ukingoni. Palikuwa na nyasi kavu na takataka zimenasa.

"Asema masika maji yafika pale," Jayanti akanitafsiria.

"Pale wapi?"

"Pale penye zile nyasi. Hebu nyanyua kichwa."

Nikadhani wananifanyia mzaha, mgeni wa jangwani. Tawi lilikuwa juu kuliko dari ya nyumba yetu. Hilo sikukuhadithia kamwe. Wewe ni mtoto wa Bawshar, mvua kwako ni skuli kufungwa na sisi sote kujazana ndani ya gari kwenda kutazama wadi, lile bonde kavu, likishuka maji, na kesho yake barabara imekauka, watu wanafagia mchanga. Kule mvua haiji kutembea. Inakaa miezi. Vidaraja vya kwenda vijijini viko chini karibu na maji, na mto ukijaa vinazama, na kijiji kinabaki upande wake na hospitali upande wake. Wewe unakwenda sasa, Juni, mawingu yao ndiyo yanakusanyika. Maumivu yako hayaulizi kama kidaraja kimezama. Hapa kutoka kitandani kwako mpaka mlango wa dharura nimeendesha mara nyingi mpaka gari inajua njia, na hata hivyo kila mara nimeona mbali.

Nilikuomba ungoje mvua zikatike. Ukaniambia, "Baba, wagonjwa wa kule hawangoji mvua zikatike." Nikatoka nje kwenda kutazama matairi.

La pili nililoliruka ni habari ya wenye msitu. Wewe ulipenda wafalme wa Dang. Nilikuhadithia kwamba kila mwaka, karibu na sikukuu yao ya rangi, machifu wa Kibhil, kabila la wenyeji wa kule, huingia mjini Ahwa juu ya magari yaliyopambwa, ngoma na zumari mbele yao, wakaketi jukwaani wakaheshimiwa na wakubwa wa serikali. Ulikuwa unaniuliza wamevaa nini vichwani. Nikakupa vilemba vya kila rangi na nikaishia hapo, ikawa hadithi ya wafalme.

Jayanti yeye alinipa na upande wa pili, usiku wa moto uani kwa Kashiram. Misitu ile ilikuwa mikononi mwa machifu hao. Waingereza wakaja wanataka msaji, kwanza kwa merikebu, baadaye kwa njia za reli, wakawatia machifu kwenye mikataba ya kuikodisha misitu, wao wakipewa posho yao ya kila mwaka. Baada ya hapo ikaja mipaka. Hapa pa serikali, hapa mnaweza kulima. Watu waliokuwa wakilima wakihama, wanachoma kipande, wanavuna, wanakipumzisha, wakaambiwa wakae pamoja. Machifu waliinuka kupigana si mara moja, wakashindwa. Waingereza wakaondoka, msitu ukabaki wa serikali, na posho ikabaki posho. Ile siku ya ngoma na zumari ndiyo siku ya kuipokea.

"Huyu Kashiram," Jayanti akasema, "ana misaji minne nyuma ya nyumba yake. Haukati hata mmoja bila ya ruhusa ya afisi ya misitu. Na weye na mie tumekaa hapa twazungumza bei ya milango."

Kashiram alisikia jina lake akatabasamu. Mimi sikutabasamu. Mtu wa milango kama mimi anajua nakshi, anajua bawaba, anajua msaji uliokauka na ule uliodanganywa kukauka. Sikuwahi kujiuliza mti ulisimama uani kwa nani.

Nakuambia haya kwa sababu watu wale wamezoea wageni wanaokuja kuchukua kitu, kisha wakaambiwa ni kwa faida yao. Wewe unakwenda kuwachukua damu. Damu kidogo, ya kupima, na moyo wako mweupe, najua. Wao watajuaje? Naogopa watakufungia milango, na wewe ukifungiwa mlango unachukulia moyoni, na ukichukulia moyoni unaumwa. Hili mama yako hakulisema, kwa hiyo nalisema mimi.

Sasa nikukumbushe kichekesho chetu cha mwimo, maana nacho nilikukatia nusu. Ulikuwa ukikipenda mpaka manesi wanakuja kuuliza kuna nini.

Tulikuwa tunapita ukingoni mwa shamba la Kashiram, pale shamba linapokutana na msitu. Nikaona nguzo ya msaji imesimama, ya zamani, imechongwa chui milia, nyoka, juu yake jua na mwezi, imepakwa rangi nyekundu. Jicho la mfanyabiashara halilali. Mimi niliona mwimo wa mlango. Nikaanza kuwaza namna ya kuutafutia mwenziwe wa upande wa pili.

"Jayanti, muulize bei gani."

"Usinitie aibuni, bwana."

"Kila kitu kina bei. Wee muulize tu."

Akauliza. Kashiram alicheka mpaka akakaa chini. Mkewe, Jamna, yeye hakucheka. Alimsemesha Jayanti. Jayanti akageuka kwangu, masikio yamemwiva.

"Mama auliza, kwenu kuna chui milia?"

"Mwambie hakuna."

"Asema basi wamtakia nini?"

Hapo ndipo nilipokuwa nikimalizia, nawe unacheka, ukiniigiza: basi wamtakia nini? Sikukuambia kwamba ile ndiyo nguzo ya bwana wa chui, ambaye wao wanampelekea nazi na jogoo msimu ukifika, na kwamba mimi nilikuwa nimetaka kununua kinga ya watoto wao nikaitie bawaba. Mimi ni Muislamu, mlinzi wangu ni Mwenyezi Mungu, sitafuti kinga kwenye mti. Lakini nilimuuliza Jayanti wanamuomba nini huyo bwana, nikidhani wanamuomba chui aondoke. Akasema hapana, chui yuko na msitu ni kwake. Wanaomba wapishane naye salama. Jamna hakunisemesha tena siku ile nzima, na alikuwa na haki.

Alinisemesha alfajiri yake, kwa sababu alikuwa hana mwengine. Mtoto wao mdogo, Sunita, alianza kulia kabla ya mapambazuko. Kashiram alikuwa ameshatoka na ng'ombe, Jayanti ndiyo kwanza anaamka. Jamna alitaka kuchemsha maji, akaniwekea mtoto mapajani bila kuniuliza, akageukia jiko. Mikono ya yule mtoto ilikuwa imevimba migongo yake, inang'aa, na kila nikimgusa anapiga ukelele. Baridi ilikuwa kali, pumzi zinaonekana. Nikasema kwa uhakika wangu wa kijana wa mjini, "Mfunikeni vizuri, baridi hii ndiyo inayomuuma."

Jayanti akatafsiri. Jamna akajibu bila ya kugeuka: "Huumwa hata wakati wa joto."

Jibu nilikuwa nalo tayari, kwa hiyo lake sikulisikia. Tukanywa chai tukaondoka kuwahi treni.

Miaka ikapita, nikaoa, ukazaliwa wewe. Hujatimiza mwaka, katikati ya joto la Muscat, mikono yako ikavimba migongo, ikang'aa, nikikugusa unapiga ukelele. Daktari alipokuwa akitueleza habari ya chembe za damu zinazojikunja mfano wa mundu, mama yako analia, mimi nilikuwa sipo pale chumbani. Nilikuwa Dang, nina mtoto wa watu mapajani.

Ndiyo maana nilikuhadithia na Sunita, na kila hadithi ikiisha ulikuwa ukiniuliza, "Na Sunita alipona?" Nami nilikuwa nikikujibu kweli, kwamba sijui. Laiti ningesema uongo kidogo! Ningesema alipona, akaolewa, ana watoto saba. Pengine leo ungekuwa umesoma uhasibu, unafanya kazi wizarani, unarudi nyumbani saa nane mchana kula wali na papa. "Sijui" yangu ndiyo iliyokupeleka maktaba, ikakupeleka chuo, ukajifunza kwamba damu yetu sisi wa huku na damu ya wale wa misitu ya India zina ugonjwa mmoja, na sasa inakupeleka kwenye mto unaofika kwenye tawi.

Kuna la nyumbani pia, na hili ni gumu kuliko la India. Watu walipoanza kuuliza kwa nini Nasra halali kwa wenziwe, kwa nini Nasra haogelei, sisi tulijibu baridi yabisi. Mtoto wa miaka kumi na baridi yabisi! Shangazi yako akaamini, akatuletea mafuta ya karafuu chupa kwa chupa, nyumba nzima ikanuka kama ghala. Tulifanya vile kwa kuwa tulikuwa na khofu ya maneno ya watu. Leo wanasema ana sikoseli, kesho nani atamposa, keshokutwa watawagusa na binamu zake. Kila nyumba ya kwetu inafanya hivyo na kila nyumba inadhani ni yake peke yake.

Nilidhani tunawaficha watu. Kumbe tulikuwa tunakufundisha wewe. Ulipofika sekondari ulikuwa unaweza kukaa na wageni ukacheka, ukawamiminia kahawa, na maumivu yamekushika nyonga, hakuna anayejua. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui mpaka nikuone umeshika kikombe kwa mikono miwili. Kisha ukaanza kuwa mwangalifu hata na kikombe. Nilijisifu kwamba mwanangu ni jasiri. Hukuwa jasiri, Nasra, ulikuwa unanionea huruma. Ulijua nikijua unaumwa uso wangu unaharibika, na wewe, juu ya maumivu yako, ukaona una kazi ya kuuangalia na uso wangu.

Sasa nimefika.

Wiki iliyopita ilipokushika, nilikuendesha hospitali nikisoma dua kwa sauti, mama yako yuko nyuma amekupakata. Walipokutia dripu ukatulia kidogo, mama yako akatoka kwenda kusali, tukabaki mimi na wewe. Nilikuwa nimesimama dirishani. Ukaniita.

"Baba."

"Naam, mama."

"Umefurahi."

"Nimefurahi nini?"

"Kwamba nnaumwa. Sasa sendi tena."

"Astaghfirullah, Nasra! Maneno gani hayo? Mzazi gani anayefurahi mwanawe kuumwa?"

Nikatoka nikaenda kununua maji ya matunda ambayo hakuna aliyeyataka, nikakaa nayo ndani ya gari mpaka yakapata moto. Nilikuwa nimekasirika kweli kweli. Nilikasirika kwa sababu umeniona.

Nilifurahi, mwanangu. Ni mimi, baba yako, niliyekaa masiku mangapi nikiomba maumivu yako nipewe mimi, na wiki iliyopita yalipokuja nikasema moyoni, alhamdulillahi, safari imekufa. Nilianza na kupanga. Tiketi tutairudisha, utafiti utaufanyia hapa hapa Oman, wagonjwa wako tele, nitakupeleka na kukurudisha mwenyewe. Wewe unauma meno na mimi napanga. Sijui mzazi mwengine kama limewahi kumpata hili, na sina wa kumuuliza. Nimelibeba wiki nzima nikashindwa kulipa jina jengine ila khofu. Khofu ikikaa sana ndani ya mtu huanza kutaka mambo ya ajabu.

Wewe uliporuhusiwa ulikwenda moja kwa moja chumbani kwako. Nikasikia zipu ya sanduku. Nikaingia jikoni, mama yako anakaanga vitunguu.

"Bado hujampa radhi mtoto?"

"Ntampa."

"Lini? Keshafika mawinguni?"

"Maryam, nnaogopa."

"Na mimi je? Mimi nnaogopa tangu alfajiri mpaka alfajiri. Nshampa zangu. Usimfunge kamba mtoto wa watu."

"Mtoto wa watu gani, huyu si wangu?"

"Ndo hapo," akasema, akageuza vitunguu vyake.

Alikuwa amelijua ninalolifanya kabla sijalijua. Nilikuwa najua huwezi kupanda ndege bila ya radhi zangu. Ungeweza kupanda bila ya dawa, bila ya radhi hapana, ndivyo tulivyokulea. Kwa hiyo nilikuwa nimezikalia. Mchana natania, moyoni nahesabu kwamba zikibaki kwangu na wewe utabaki. Ile ndiyo kamba ya mama yako. Nimeishika, na mwanangu upande wa pili anaomba kwa adabu, hata haivuti.

Jua la mchana limeshageuka dirishani na nyie hamjarudi, shangazi yako bila shaka amewalazimisha kula. Nilikuwa nikingoja khofu yangu ipungue ndipo nikupe radhi, nikadhani radhi za kweli hutoka kwa mtu aliyetulia. Nimeshaona kwamba siku hiyo haiji. Hata ungekwenda Azaiba dukani kwangu na kurudi, ningeogopa.

Kwa hiyo sikiliza. Utaumwa huko. Nalisema wazi, kwa jina lake, na wewe nakuomba ulitaje wazi kwa kila anayekuuliza, kwa wenyeji wako kwanza. Waambie wenye watoto kwamba na wewe unao. Kabla hujamwomba mtu damu yake, mwambie yako ikoje. Na yakikushika, nipigie mimi. Usingoje yapungue ndipo unipigie ukiwa umetengeneza sauti. Nipigie ukilia. Sitosema rudi. Neno hilo litanijaa mdomoni, nitalimeza, mama yako atakuwa shahidi. Nitakuuliza unaumia wapi, nawe utaniambia, na nitabaki kwenye simu mpaka upate usingizi, hata kama sina la kuhadithia.

Nina radhi nawe, Nasra. Nina radhi nawe ukiwa mzima na nina radhi nawe ukiwa kitandani, ukiwa jirani na ukiwa ng'ambo ya mto uliojaa. Radhi hizi hazina masharti ya afya. Nenda.

Mimi baba yako, mwenye khofu yote na mwenye radhi yote.